Kijiji Kilichopungukiwa Watu Hakijapungukiwa Haki



Taifa letu limezoea kusikia habari za upungufu wa aina moja: watoto ni wengi na madarasa ni machache, wagonjwa ni wengi na waganga ni wachache. Hayo ni kweli, wala hatuyapuuzi. Lakini upo upungufu wa aina nyingine usiosemwa sana kwa kuwa hauna kelele. Ni ule wa kijiji ambamo shule ipo lakini watoto wanazidi kupungua. Zahanati ipo lakini mtumishi akihamishwa haletwi mwingine. Nyumba nzuri za matofali zipo, lakini zimefungwa kufuli tangu Januari hadi Desemba. Katika toleo hili tumeona yatupasa kuuzungumzia upungufu huo, kwanza kwa sababu unatuhusu sisi tunaoishi katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na pili kwa sababu unazusha swali la haki lisiloweza kujibiwa kwa hesabu peke yake.

Swali lenyewe ni hili: Watu wanapopungua mahali, je, haki ya wale waliobaki nayo hupungua? Sisi twajibu kwamba haipungui. Huduma yaweza kubadilishwa sura, yaweza hata kuhamishwa jengo, lakini isiondolewe mbali na mtu mnyonge kwa sababu tu kwamba majirani zake wameondoka.

HALI ILIVYO

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,640,087 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,861,934. Maana yake, mkoa wetu uliongezeka kwa kiasi cha asilimia 1.3 kila mwaka, wakati taifa zima liliongezeka kwa asilimia 3.2. Tena ongezeko hilo dogo halikugawanyika sawasawa. Miji, na vijiji vya tambarare vilivyo kandokando ya barabara kuu, ndiko watu wanakojenga na kufungua maduka. Huko juu migombani, ambako babu zetu walibanana hata pakakosekana nafasi ya kutupa jiwe, sasa mtu aweza kupita nyumba tano asimkute kijana hata mmoja.

Sababu zake tunazijua. Kihamba kilichomtosha baba mmoja kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata kimekuwa kama kiwanja. Kahawa, iliyokuwa mshahara wa mkulima, ilipata pigo kubwa Julai mwaka 1989, pale utaratibu wa dunia wa kugawana viwango vya kuuza kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka. Mibuni ikazeeka, dawa za chulebuni na za kutu ya majani zikapanda bei, na wakulima wengi wakaiacha mibuni yao au wakaing'oa. Vijana wakatafuta riziki Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Wanandoa nao wanazaa watoto wachache kuliko wazazi wao walivyozaa. Hivyo Kilimanjaro imekuwa mmoja wa mikoa yenye sehemu kubwa zaidi ya wazee katika nchi yetu.

Ikumbukwe pia kwamba kahawa haikuwa zao la kununulia sukari na nguo tu. Tangu wakulima wa mlimani walipounda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na kisha Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, mwaka 1933, fedha ya kahawa ilijenga madarasa na kuwalipia watoto ada. Kahawa ilipoanguka, kilichoanguka nayo kilikuwa ni mfuko wa pamoja.

Wala jambo hili si la mlima wetu peke yake. Wenzetu wa Tanga waliliona mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata tani 40,000. Kambi za wafanyakazi zilizokuwa zimejaa watu zikabaki na wazee na wajane. Mahali ambapo mwenye shamba ndiye aliyekuwa ameweka zahanati, siku shamba lilipofungwa mgonjwa alibaki bila mwajiri na bila tabibu. Huko twajifunza kwamba huduma iliyofungwa kwenye faida ya zao fulani hufa pamoja na zao hilo, isipokuwa kama mwingine ameandaliwa kuipokea.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu vijana walioondoka. Kuhama ili kutafuta maisha ni haki ya mtu. Wala hatuandiki ili kulilia enzi zilizopita. Tunaandika kwa ajili ya wale waliobaki: mtoto anayelelewa na bibi yake, mjane mwenye kisukari, mama mjamzito ambaye mumewe yuko mbali, na mlemavu asiyeweza kupanda pikipiki.

JINSI HUDUMA INAVYOKUFA

Ni mara chache shule ya kijijini kufungwa kwa amri ya siku moja. Kwa kawaida hufa polepole, na kila hatua ya kufa kwake huonekana kuwa na sababu nzuri.

Tutazame mfano wa hesabu. Uwiano unaotajwa kuwa wa kawaida katika shule zetu za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule yenye watoto 90, ikipimwa kwa uwiano huo, yastahili walimu wawili. Lakini watoto hao 90 hawako katika madarasa mawili! Wametawanyika tangu darasa la awali hadi la mwisho, madarasa yasiyopungua sita. Walimu wawili watafundishaje madarasa sita kwa wakati mmoja? Kwa karatasi shule hiyo haina upungufu wa walimu. Kwa mtoto aliyeketi darasani, hana mwalimu kwa sehemu kubwa ya siku.

Fedha nayo hufuata njia hiyo hiyo. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, kiwango cha ruzuku kilichotumika kwa shule za msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Kwa kiwango hicho shule yenye watoto 800 hutengewa shilingi 8,000,000, na shule yenye watoto 90 hutengewa shilingi 900,000. Lakini paa la shule ndogo halivuji kidogo kwa sababu watoto ni wachache. Mvua haihesabu vichwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na shule iliyotengewa fedha ya kuziba nusu ya ufa hatimaye hukosa ukuta.

Hapo ndipo mzazi mwenye uwezo humwondoa mtoto wake na kumpeleka shule ya bweni. Hatumlaumu, kwa maana anatafuta mema ya mwanawe. Lakini akiondoka yeye, idadi hupungua. Idadi ikipungua, ruzuku hupungua na mwalimu anayestaafu hapati wa kushika nafasi yake. Na hapo mzazi wa pili naye huondoka. Mwishoni wanabaki watoto wa wale wasio na uwezo wa kwenda popote, ndio hao shule ya umma iliwekwa kwa ajili yao kwanza.

Zahanati hupita njia ile ile. Zahanati inapobaki na muuguzi mmoja, siku anapokwenda wilayani kufuata dawa au kupeleka taarifa mlango hufungwa. Mama aliyepanda kilima na mtoto mwenye homa akikuta kufuli mara mbili, mara ya tatu hapandi. Huenda duka la dawa, au hukaa nyumbani akisubiri. Kisha taarifa ya mwaka huonyesha kwamba mahudhurio ya zahanati hiyo ni madogo, na udogo huo hutumiwa kuwa hoja ya kutoongeza mtumishi. Hivyo takwimu, ambazo zingepaswa kumtetea mgonjwa, zinageuka kuwa shahidi dhidi yake.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Haki yatudai tuisikilize pia hoja ya wale wenye kugawa walimu na waganga. Ofisa wa wilaya aliye na walimu wasiotosha anaona huku shule ya watoto 90, na kule tambarare shule ambayo darasa moja lina watoto zaidi ya 100, wengine wameketi sakafuni. Akimpeleka mwalimu mlimani amemnyima mtoto wa tambarare. Naye pia ni mtoto wa Mungu. Tusijifanye kwamba swali hili ni jepesi.

Tena tukubali kwamba shule ndogo mno yaweza kumdhuru mtoto. Mtoto anayesoma na wenzake wanne, chini ya mwalimu mmoja aliyechoka, bila kitabu na bila mchezo, hapati elimu bora kwa sababu tu kwamba jengo liko karibu na kwao. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila jengo lililojengwa lidumu hata milele. Yawezekana kuunganisha shule mbili kukawa ni tendo la haki.

Tunalolikataa ni kuunganisha kwa kalamu tu, bila kuwauliza wenye watoto, bila kuipima njia, na bila kusema ni nini kitakachowekwa mahali pa kile kinachoondolewa. Kuokoa mshahara wa mwalimu mmoja si hasara kwa serikali. Lakini kama mzigo huo umehamishiwa kwenye miguu ya mtoto wa miaka sita, basi haukupungua. Umebebeshwa mtu mwingine asiyeweza kusema.

KILOMITA ZA RAMANI NA KILOMITA ZA MIGUU

Anayeijua nchi yetu ajua kwamba Kilimanjaro haipimwi kwa rula. Vijiji vyetu vimekaa juu ya migongo ya vilima, na kati ya mgongo na mgongo kuna korongo na mto. Shule ya jirani yaweza kuonekana kwa macho. Sauti ya kengele yake yaweza kusikika. Na bado mtoto hana budi kushuka hadi mtoni na kupanda tena ng'ambo. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, njia huwa utelezi na mito hujaa. Umbali ambao ramani yasema ni kilomita moja na nusu, miguu ya mtoto yasema ni saa nzima.

Kwa hiyo twapendekeza kipimo kingine. Kabla ya kuuliza huduma hii inawahudumia wangapi, tuulize: aliye mnyonge kuliko wote atatembea muda gani kuifikia huduma itakayobaki? Mtoto wa darasa la awali atembee muda gani wakati wa mvua? Mzee mwenye shinikizo la damu, anayehitaji vidonge vyake kila mwezi, atatumia nauli kiasi gani? Mama aliyeshikwa na uchungu usiku atabebwa na nani, na kwa njia ipi? Mchungaji wa Injili hakuwaacha kondoo tisini na tisa kwa kutojua hesabu. Alijua kwamba kuna jambo ambalo hesabu haiwezi kulipima.

Kwa upande wa afya liko jambo la kuangaliwa zaidi. Kijiji kinapozeeka, mahitaji ya shule hupungua lakini mahitaji ya tiba huongezeka. Wazee mia moja wana shinikizo la damu, kisukari, macho yenye mtoto wa jicho na viungo vinavyouma, kuliko vijana mia tatu. Basi anayesema, "Watu wamepungua, zahanati ipunguzwe," amekosea hata katika hesabu yake mwenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ililitambua hitaji la wazee la kupata matibabu, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Twashukuru. Lakini kadi ya bima haitibu. Anayetibu ni mganga aliye mahali ambapo mgonjwa aweza kufika.

HISTORIA YATUFUNDISHA

Umbali kati ya mtu mnyonge na huduma haukupungua wenyewe. Kila mara ulipungua kwa sababu watu waliamua.

Wamisionari walipofungua vituo vya Kilema mwaka 1890 na Kibosho mwaka 1893, na wenzetu Walutheri walipoanza Machame mwaka 1893, walianza na shule na dawa pamoja na neno la Mungu. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule nyingi za madhehebu kuwa mali ya umma, ili mtoto asibaguliwe kwa dini yake. Katika miaka ya 1970 taifa liliamua kutanguliza zahanati na vituo vya afya vijijini kuliko hospitali kubwa za mijini, kabla hata ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuiambia dunia nzima habari ya huduma ya afya ya msingi. Kisha zikaja dhiki za kiuchumi, na mwaka 1993 utaratibu wa kuchangia gharama ukaingia katika hospitali za umma. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1992, Serikali na Makanisa, kwa njia ya Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, walikuwa wametia sahihi makubaliano ya kushirikiana katika elimu na afya.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, watoto walioandikishwa shuleni waliongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Mpango wa maendeleo ya afya ya msingi ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Wala haukusema "kila kijiji chenye watu wengi." Ulisema kila kijiji.

Fundisho la historia hii ni hili: penye uamuzi, huduma ilisogea karibu, palipokosekana uamuzi, ilirudi nyuma. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kufifia kwa huduma vijijini ni kama kuchwa kwa jua, jambo lisilo na mwenyewe.

Kanisa nalo lilikwisha kulisema hili. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1961 iitwayo Mater et Magistra, alizungumzia waziwazi watu wanaoyakimbia mashamba kwenda mijini. Hakuwaonya waliohama. Aliwaelekea wenye mamlaka, akafundisha kwamba vijijini hakuna budi kuwe na huduma za lazima: barabara, maji safi, matibabu, elimu, ili mtu wa shamba asijione kuwa ni raia wa daraja la pili. Na kabla yake, mwaka 1931, Baba Mtakatifu Pius XI alifundisha kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo yaweza kulitenda lisinyang'anywe na jumuiya kubwa, na jumuiya kubwa haina budi kuisaidia ile ndogo inaposhindwa. Kanuni hiyo ina pande mbili. Inamkataza mkubwa kuamua peke yake, pia inamkataza mkubwa kujitoa na kusema, "Jitegemeeni."

WAJIBU WA ALIYEONDOKA

Sasa tuseme na ndugu zetu waishio mijini, ambao wengi wao watakisoma kijarida hiki wakija kwa Noeli.

Desemba inapofika, mlima hujaa. Kufuli hufunguliwa, ndizi huchomwa, mbege hunyweka, watoto wa mjini huonyeshwa makaburi ya mababu. Hii ni desturi njema, na taifa zima hutusifu kwayo. Mtu wetu akifariki dunia mbali, ukoo huchangishana, gari hukodiwa, na maiti husafirishwa kilomita mia tano ili alale katika kihamba chake. Hata hilo ni jema, kwa maana ni heshima kwa mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu.

Lakini tujiulize kwa unyofu. Kama katika siku tatu ukoo mmoja waweza kukusanya mamilioni ya shilingi ili kumrudisha aliyekufa, je, ni jambo gani linalotuzuia kukusanya sehemu ndogo ya fedha hiyo kila mwaka kwa ajili ya wale walio hai, wanaokilinda kihamba hicho tusipokuwapo? Mama anayefagia kaburi la baba yako ndiye anayekuta zahanati imefungwa. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wahenga. Nasi twaongeza kwamba kwao kwa mtu si kaburi peke yake.

Hata hivyo tuangalie tusije tukaichanganya haki na sadaka. Michango ya wana wa kijiji isiwe kisingizio cha Serikali kujiondoa. Mkulima na mfanyabiashara wamekwisha kulipa kodi, na mwalimu ni haki yao, si zawadi. Wala mchango wowote usiwe sababu ya kumrudisha nyumbani mtoto ambaye mlezi wake hana kitu. Mchango halali ni ule uliokubaliwa mkutanoni, ukaandikwa, ukasomwa mapato na matumizi yake mbele ya watu, na ukatolewa kwa hiari.

YANAYOWEZEKANA

Kulalamika peke yake hakujengi. Tunayataja mambo machache ambayo, kwa maoni yetu, yanaweza kufanyika bila kungoja miujiza.

Kwanza, shule inayopungua isifungwe yote kwa mara moja, bali igeuzwe kuwa shule shikizi. Watoto wadogo, tangu darasa la awali hadi la tatu au la nne, wasome karibu na kwao. Wale wakubwa, wenye miguu ya kuvuka korongo, waende shule mama. Utaratibu wa shule shikizi si mgeni: mwaka 2021, katika mpango wa madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, madarasa 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Kilichofaa kwa kijiji kinachoanza kukua kwa nini kisifae kwa kijiji kinachopungua?

Pili, walimu wa shule ndogo waandaliwe kufundisha madarasa mawili kwa pamoja. Ni ufundi wenye kanuni zake, na mwalimu asitupiwe tu kazi hiyo bila mafunzo. Na katika kugawa ruzuku na walimu, kiwepo kiwango cha chini ambacho shule yoyote iliyo wazi haitapewa pungufu yake, hata watoto wawe wachache namna gani.

Tatu, mahali ambapo zahanati haiwezi kuwa na watumishi wa kutosha kila siku, huduma ya mkoba iwe na siku maalumu inayojulikana, isiyovunjwa. Mzee akijua kwamba kila Jumanne ya kwanza ya mwezi atapimwa shinikizo la damu na kupewa dawa zake katika ukumbi wa kigango, hiyo ni huduma. Mzee akiambiwa, "Watakuja siku moja," hiyo si huduma.

Nne, madarasa yaliyobaki tupu yasiachwe kuwa makazi ya popo. Yanaweza kuwa mahali pa chekechea, pa kliniki ya wazee, pa kufundishia ushonaji, useremala na ufundi umeme. Jengo lenye kazi tatu halifungwi kwa urahisi kama lenye kazi moja.

Tano, wananchi watumie vikao ambavyo sheria imewapa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliuweka mkutano mkuu wa kijiji kuwa wenye mamlaka ya juu kijijini, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Shule ina kamati, zahanati ina kamati. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya ilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vyenyewe; basi kamati isiyokutana, au inayotia sahihi bila kusoma, imelala juu ya fedha ya wagonjwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango yake huandaliwa miezi mingi kabla. Kijiji kinacholalamika mwezi Juni kimechelewa. Kinachoandika hoja yake mwezi Oktoba kina nafasi ya kusikilizwa.

Sita, na hili latuhusu sisi wa parokia. Shule za Kanisa zinazofundisha kwa Kiingereza, zenye mabasi yanayopita vijijini alfajiri, zinatoa elimu nzuri. Lakini parokia isiyojua ni watoto wangapi wamebaki katika shule ya umma iliyo jirani na kanisa, wala haijawahi kumtembelea mwalimu wao mkuu, itajibu nini ikiulizwa habari za walio wadogo? Halmashauri ya Walei iwe na mtu wa kufuatilia hali ya shule na zahanati zote za eneo lake, si zile za Kanisa tu. Mtoto wa shule ya umma ni mtoto wetu, awe Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika kijiji chetu, shule ya msingi ina watoto wangapi leo, na ilikuwa na wangapi miaka kumi iliyopita? Walimu ni wangapi? Nani aende kuuliza?

2. Zahanati yetu ilifungwa siku ngapi katika miezi mitatu iliyopita, na kwa sababu gani?

3. Ni nani katika jumuiya yetu aliye mbali kuliko wote na huduma? Tumewahi kuitembea njia yake kwa miguu wakati wa mvua?

4. Mara ya mwisho tulihudhuria lini mkutano mkuu wa kijiji? Tulisema nini?

5. Ndugu zetu watakapokuja Desemba, tutawaomba wakae nasi kwa saa mbili ili tuzungumze habari za walio hai, au tutaachana nao baada ya sikukuu kama kila mwaka?

Ndugu Waamini, kijiji si hoteli ya mapumziko wala si makaburi yaliyozungukwa na migomba. Maadamu yupo mtoto mmoja anayejifunza kusoma na bibi mmoja anayehitaji dawa, pale pana raia, na pale pana deni. Majibu ya maswali haya yaandikwe na katibu wa kila jumuiya, yaletwe kwa Halmashauri ya Walei ya parokia kabla ya mwezi Oktoba, kisha yapelekwe kwa diwani na kwa ofisi ya mtendaji wa kata kwa maandishi yenye sahihi. Tuanze na swali la kwanza: twende shuleni, tuwahesabu watoto, nasi tuwajue kwa majina.